Filimbi ya Papa Kitenge

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu. Vilinibana tangu asubuhi, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo ya Bwana Sekretere haikuniingia kichwani. Nawaambia hilo mapema, ninyi vijana mnaoniuliza tulivyofanya kazi zamani za Zaire, ili msije mkadhani nilianza nikijua ninachokifanya. Nilianza nikiwa sijui kitu, na nilipostaafu nilikuwa bado na maswali.

Ofisi ya mpira ya zone, yaani tarafa, ya Kalemie ilikuwa chumba kimoja, madirisha mawili. Moja lilitazama ziwa, na jingine lilitazama njia za reli. Mlikuwa na meza mbili, kabati la chuma lililofungwa kwa waya, na mashine ya kuandika ambayo herufi yake ya «r» ilipanda juu ya wenzake kila ilipopigwa. Mimi nilikuwa nimetoka Mpala. Masista walinifundisha kupiga mashine bila kutazama vidole, nikapata cheti, nikapanda mtumbwi wenye mota pamoja na sanduku langu na samaki wa zawadi kwa shangazi. Mechi ya mpira sikuwahi kuitazama mpaka mwisho hata siku moja.

Bwana Sekretere alikuwa mtu mfupi, abakosti yake, lile koti la wakati ule lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alinitazama viatu, akanitazama uso.

«Sitwayene, unajua kupiga mashine?» aliuliza, maana enzi zile wanawake wote tuliitwa hivyo, raia, si bibi.

«Ninajua, Bwana Sekretere.»

«Na mpira?»

«Mpira nitajifunza.»

«Mpira haujifunzwe mu biro,» alisema. Kisha akanipa rundo la karatasi nijifunze mpira humo humo ofisini, maana mahali pengine hapakuwapo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mechi zilichezwa Jumapili. Jumatatu asubuhi waamuzi walileta ripoti zao. Wengine waliandika kwa kalamu, na wengine, kwa kuwa karatasi ilikuwa shida, walisimulia kwa mdomo. Mimi daktilo, yaani mpiga mashine, niliyageuza maneno yao kuwa Kifaransa cha serikali na kuyapiga nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Moja iliingia kabatini, ya pili ilibaki kwa wakubwa wa wilaya, na ya tatu iliingia mfuko wa posta wa Jumanne kwenda Lubumbashi, ambako kamati ya juu ilikaa na kukata mashauri. Kamati hiyo haikuwahi kuona uwanja wetu. Iliona karatasi zangu tu.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ya pili. Mwamuzi mmoja aliandika goli moja kwa goli moja, na chini yake neno «nul». Nikafikiri mzee wa watu amechoka, ameacha neno nusu. Nikamsaidia: nikapiga «annulé». Basi lile la kwanza maana yake ni sare, na lile la pili maana yake mechi imefutwa kana kwamba haikuchezwa. Wakubwa wa wilaya wakaamuru irudiwe, na Jumatano timu mbili zilifika uwanjani na viatu vyao, kila mtu ameomba ruhusa kazini, kurudia mechi ambayo hakuna aliyewaambia kwa nini irudiwe. Walicheza hata hivyo. Wakatoka sare tena.

Bwana Sekretere alinikalisha mbele ya meza yake. Hakukasirika sana, alikuwa mtu wa kupenda kufundisha.

«Haya maneno ya mpira iko kama mapacha,» alisema. «Sura moya, roho mbalimbali. Ukiita mumoya na jina ya mwenzake, anakasirika, na baba na mama yake banakasirika pia.»

Akanipa kitabu cha sheria, kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Nilinunua daftari, nikaandika kila neno na mfano wake kutoka maisha ninayoyajua. «Remise»: mechi inasogezwa mbele kabla haijaanza. Nikaandika pembeni: harusi imesogezwa wiki ijayo kwa sababu mjomba wa bibi harusi hajafika kutoka Moba. «Interruption»: mechi imeanza, ikakatizwa na jambo la nje, mvua au giza. Nikaandika: padri anahubiri, mvua inapiga mabati, hatusikii, anakaa chini. «Forfait»: timu haikutokea. Bwana harusi hakuja. «Abandon»: timu imekuja, imecheza, halafu imeacha uwanja kabla mwamuzi hajamaliza. Bwana harusi amekuja, amekula, amepita mlango wa nyuma. Nilijiona nimeelewa, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyelalamika.

Sasa nije kwenye Jumapili ile.

Bwana Sekretere alikuwa amekwenda Nyunzu kwa kilio cha baba yake mdogo, na kilio cha Nyunzu, ukihesabu na treni ya kurudi, kilikuwa kitu cha wiki mbili. Aliniachia ufunguo na mhuri. Jumapili hiyo timu ya reli ilicheza na timu ya bandari, na anayeshinda angekwenda mashindano ya wilaya. Mwamuzi alikuwa Papa Kitenge.

Papa Kitenge alikuwa seremala. Siku za kazi alitengeneza milango na majeneza. Siku ya Jumapili alivaa nguo nyeusi za mwamuzi ambazo mke wake alizifua Ijumaa na kuzipiga pasi Jumamosi, na alitembea kutoka Kataki mpaka uwanjani akiwa amezivaa tayari, filimbi shingoni, ili kila mtu amwone. Watu walimsalimu njiani kwa heshima zaidi kuliko walivyomsalimu Commissaire, mkuu wa zone nzima. Kifaransa chake kilikuwa kidogo. Ripoti zake alizisimulia.

Jumatatu ile aliketi mbele yangu, kofia magotini.

«Mechi ilienda muzuri mpaka dakika ya sabini,» alianza. «Reli balikuwa na goli moya, bandari sifuri. Kiisha sirene ikalia mara mbili. Bachezaji ba reli bakatoka.»

Sirene ni king'ora cha stesheni. Kikilia mara moja, zamu imebadilika. Kikilia mara mbili, treni inaondoka kwa dharura na wafanyakazi wa akiba wanatakiwa mbio. Hayo nilikuwa nikiyajua kama mtu anavyojua saa ya kanisa la dhehebu jingine. Mimi ni mtu wa Mpala, kwetu hakuna treni.

«Papa, ulipuliza filimbi?»

«Filimbi ya nini? Sirene imesha kulia.»

«Nauliza kama mechi uliimaliza weye.»

«Mwanangu, mi siwezi kumaliza kitu imesha kuisha.»

Niliweka vidole juu ya mashine, nikaviondoa. «Balitoka na ruhusa yako?»

«Kapiteni alinyanyua mukono. Nikanyanyua wangu.»

«Hiyo ni ruhusa ao ni kwaheri?»

Aligeuza kofia, akaitazama ndani. «Njo desturi, mwanangu,» alisema. Ndiyo desturi.

Nilifungua kitabu mbele yake. Haikuwa «remise», maana mechi ilikuwa imeanza. Haikuwa «forfait», maana walikuja. «Interruption» nayo ilitaka mwamuzi asimamishe mchezo mwenyewe kwa filimbi, imeandikwa hivyo, na yeye hakupuliza. Ilibaki moja tu. Timu iliyoacha uwanja kabla ya mwisho, bila filimbi. Nilirudia kusoma mara tatu, huku nikitumaini kwamba safari moja kitabu kitabadilika. Desturi haikuwamo kwenye ukurasa wowote, labda ililiwa na panya pamoja na zile za mwanzo.

«Papa, kitabu kinasema ‹abandon›.»

«Kama kitabu kinasema,» alijibu, akachukua kalamu na kusaini polepole, jina lote, kama alivyoandika kwenye milango yake. Nikapiga mhuri. Jumanne karatasi ikaingia mfuko wa posta.

Jibu la Lubumbashi lilifika wiki ya tatu, siku chache baada ya Bwana Sekretere kurudi. Timu ya reli imepoteza mechi. Kapiteni wake, ambaye kwa sheria ndiye anayejibu timu ikiacha uwanja, amesimamishwa mwaka mzima. Nilipiga nakala ya tangazo, nikaibandika ubaoni, na sikufikiri zaidi ya hapo mpaka alasiri, kapiteni mwenyewe alipoingia.

Aliitwa Lwamba. Kijana mrefu, mafuta ya reli kwenye kucha. Kazi yake ilikuwa kugeuza vyuma vya njia ili treni ipite inakotakiwa. Aliniamkia, akasimama.

«Mama, njo weye uliandika?»

«Ni mimi.»

«Nionyeshe ile neno.»

Nilitoa nakala kabatini. Nikamwonyesha. Aliweka kidole chini ya neno na kukiacha hapo, na nikamweleza maana yake kwa Kiswahili, sauti yangu ikizidi kuwa ndogo.

«Mwaka muzima,» alisema.

«Ndiyo.»

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelijua. Alikuwa mtu wa kutwa, anayeitwa leo na kesho asiitwe. Mkuu wa stesheni alimwahidi kwamba akimaliza msimu na timu, jina lake litaingia orodha ya wafanyakazi wa kudumu, na hapo angepata nyumba ya kampuni na mke wake atibiwe hospitali yao. Mke alikuwa mjamzito wa mtoto wa tatu, na mimba haikuwa nzuri. Orodha ingefungwa mwisho wa msimu. Sasa hakuna msimu.

Nilingoja anipigie kelele. Nilikuwa nimejiandaa, hata majibu nilikuwa nayo, kitabu kilikuwa wazi mezani. Hakupiga kelele. Alisema tu, «Asante, mama,» akatoka, akateremka ngazi taratibu. Usiku kucha niliona aibu kwa upole ule. Nilijiambia: huyu ni mtu wa roho kubwa, na mimi nimemharibia maisha kwa vidole vyangu.

Kesho yake nilimwendea Bwana Sekretere.

«Mechi ya sirene?» alisema. Alisoma nakala, akavua miwani. «Nani alikutuma kuandika namna hii?»

«Papa Kitenge alisimulia, nikafuata kitabu.»

«Mi naandikaka ‹terminé›. Imekwisha. Na goli zake. Miaka saba, kila sirene ikilia. Hakuna mutu alishauliza.»

«Lakini haikuwa imekwisha, Bwana Sekretere. Ilikuwa dakika ya sabini.»

«Hapa Kalemie ilikuwa imekwisha. Bote balienda nyumbani. Lubumbashi banajua nini ya sirene yetu?»

Mpaka leo sijui kama alinikemea au alinifundisha. Kwa miaka saba alikuwa ameandika neno lisilo la kweli, na kila mtu alipata haki yake. Mimi niliandika neno la kweli kwa mujibu wa kitabu, na mtu amepoteza kazi. Nilimwomba tuandike upya. Akasema ripoti iliyokwenda imekwenda, labda mwamuzi mwenyewe atoe ripoti ya pili kwa mkono wake. Lakini akanionya: ikiandikwa kwamba mwamuzi aliona watu wanatoka na hakupuliza, wakubwa watamuuliza yeye.

Kabla ya kumwendea Papa Kitenge nilitaka kwanza kuona kwa macho. Jumapili iliyofuata nilikwenda uwanjani, timu ya reli ikicheza bila Lwamba. Sirene haikulia. Nikaenda tena Jumapili nyingine, na safari hii ililia mara mbili, katikati ya kipindi cha pili. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mpira ulikuwa angani, na ulipotua hakuna aliyeufuata. Watu wa reli walikimbia wakielekea stesheni na viatu vyao vya mpira. Lakini wale wengine pia, waliokuwa hawana treni wala zamu, walivua jezi na kwenda zao kivulini. Mama wa karanga walifunga vikapu. Mwamuzi alikwenda kuchukua koti lake. Baada ya dakika mbili uwanja mzima ulikuwa mtupu, na mimi nimesimama peke yangu na daftari, sijui hata niandike nani amemwacha nani.

Papa Kitenge nilimkuta kwake, anapiga randa ubao wa mlango. Nilimweleza yote, pamoja na hatari ya kwake. Mke wake alituletea viti, akabaki amesimama mlangoni.

«Kijana atapata kazi?» aliuliza Papa Kitenge.

«Labda. Kama barua itafika mbele ya orodha kufungwa.»

«Basi andika yote. Sirene ililia, andika ililia. Kapiteni alinyanyua mukono, andika. Mi filimbi nilikuwa nayo mu mukono na sikupuliza, andika vile vile.»

«Papa, watakuuliza.»

«Baniulize. Nitabaambia njo desturi.» Akapuliza vumbi la mbao. «Lwamba ni mutoto wa heshima. Angetaka kutoroka, hangeniaga.»

Ripoti ya pili niliipiga bila kutumia hata neno moja la kitabu. Niliandika kilichotokea tu, hatua kwa hatua, kurasa mbili. Bwana Sekretere alisema hiyo si ripoti bali ni hadithi, lakini aliipigia mhuri. Papa Kitenge alisaini jina lote.

Jibu lilichelewa. Treni ilikwama, ndege haikuja, mafuta hayakuwapo, mnajua wenyewe hadithi za miaka ile. Lilipofika, orodha ya reli ilikuwa imefungwa tangu wiki tatu. Kapiteni Lwamba ameondolewa adhabu, kwa kuwa mwamuzi aliwaacha watoke bila kupinga. Mwamuzi Kitenge, kwa kutomaliza mechi kwa filimbi, «radié».

Nilikuwa nalijua neno hilo, amefutwa, lilikuwa kwenye daftari langu karibu na «suspendu», amesimamishwa, nimechora mstari katikati yake. Hata hivyo nilimwuliza Bwana Sekretere, nikitumaini nimekosea.

«Suspension iko na mwisho,» alisema. «Radiation haina.»

Nilimpelekea habari mwenyewe. Papa Kitenge alisikiliza, akauliza kama Lwamba amepata kazi. Nikamwambia bado. Akasema, «Atapata,» akaingia ndani. Jumapili iliyofuata nilimwona njiani Kataki amevaa shati la kawaida, anatembea kuelekea uwanjani kama mtazamaji, na watu wakimsalimu walikuwa hawajui wamtazame shingoni au usoni. Baada ya miezi miwili aliacha kwenda. Nililia, nasema wazi, nililia mbele ya mashine mpaka Bwana Sekretere akaenda kusimama dirishani kutazama ziwa.

Lwamba aliondoka Kalemie na familia yake. Tulisikia ameajiriwa Bendera, kwenye mtambo wa umeme, na mtoto wa tatu alizaliwa mzima huko. Nilimshukuru Mungu, nikajipa moyo kwamba angalau upande mmoja umepona.

Mimi nilihamishwa. Inspekta wa michezo alinipeleka Nyunzu miaka miwili, ofisi isiyo na mashine, ambako niliandika kwa mkono mpaka kidole kikaota sugu. Inspekta huyo alipenda ripoti fupi. Ukimletea mistari kumi aliuliza nani amekufa. Kisha nikarudishwa Kalemie, safari hii ofisi ya kuandikisha watoto, chini ya Bwana Chef de bureau, mkuu wa ofisi, ambaye hakupenda mpira wala watoto. Huko nako kulikuwa na maneno yanayofanana: aliyezaliwa, aliyetangazwa, aliyetambuliwa na baba. Niliuliza maswali mengi kupita kiasi. Mama mmoja akija kuandikisha mwanawe nilimwomba asimulie yote tangu mwanzo, na mstari nje ulifika barabarani. Walinipa jina la utani, Mama Kiisha-ikakuwa-namna-gani, yaani mama wa «kisha ikawaje». Nilikubali. Afadhali jina hilo kuliko kuandika tena haraka. Nchi ikabadili jina, mihuri ikabadilishwa, mimi nikabaki kwenye kiti kile mpaka mgongo ukakataa, wakanipa karatasi ya kustaafu ambayo kwa kweli ilikuwa na makosa mawili.

Ningeweza kumalizia hapo, na ndivyo nilivyotaka. Lakini mwaka mmoja baada ya kustaafu nilialikwa harusi ya binti wa dada yangu, huko Bendera. Kwenye kiti cha wazee alikuwapo mzee mrefu, nywele nyeupe, na alipocheka nilimjua. Lwamba. Tulikumbatiana. Alinitambulisha kwa watoto wake wanne kama mama aliyempigania mpaka Lubumbashi. Nilifurahi, jamani, nilijisikia nimetua mzigo.

Tulipokaa pembeni na sahani zetu nilimwambia kwamba miaka yote nilitaka kumwomba msamaha kwa lile neno la kwanza. Aliacha kula.

«Mama, usiniombe,» alisema. «Ile siku sirene haikutuita sisi.»

Sikuelewa. Nilimwambia aseme tena.

«Asubui nilisoma kibao ya zamu ku stesheni. Bachezaji betu bote balikuwa na mapumuziko. Ile mara mbili ilikuwa ya benzetu bengine, ba upande wa Kabalo. Balipoisikia, bachezaji bakaanza kutoka juu ya mazoea. Mi kapiteni ningebaita barudi.»

«Na hukubaita.»

«Tulikuwa na goli moya tu. Kipa wetu alivunjika kidole, alikuwa anaficha. Ba bandari balikuwa banakuya, banakuya. Nikaona Mungu ametuletea sirene.» Alitazama mikono yake. «Nikamunyanyulia Papa Kitenge mukono.»

«Yeye alijua?»

«Angejua namna gani? Alinisadiki.»

Ndipo nikaelewa kwa nini siku ile hakunipigia kelele. Ule upole niliouonea aibu usiku kucha haukuwa roho kubwa. Aliweka kidole chini ya neno, akaona ni lake.

Nilikasirika. Nilikasirika sana, kwenye harusi ya watu, sahani mapajani. Nikamwuliza kwa nini aliacha barua yangu iende, kwa nini alimwacha mzee asaini. Akasema mke alikuwa mgonjwa, na kila siku alijiambia kesho atasema. Kisha Papa Kitenge akaondolewa, na baada ya hapo hakukuwa tena na kesho ya kusemea. Machozi yalimtoka. Sikumbembeleza. Baadaye kidogo nikambembeleza.

Njiani kurudi nilijaribu kulipanga jambo lile tena, kama zamani na daftari. Lwamba aliacha uwanja, hivyo «abandon» lilikuwa neno la haki. Lakini wale wenzake kumi waliitikia sirene kwa moyo safi, na wa bandari nao walivua jezi na kwenda kivulini. Mtu mmoja tu kati ya ishirini na wawili ndiye aliyeacha mechi, na kitabu hakina neno la timu ambayo imeacha uwanja kupitia mtu mmoja aliyenyamaza. Niliandika, nikafuta. Gari liliporuka shimo nikaacha kuandika.

Papa Kitenge amekwisha kufa. Nilifika kwa mjane wake, Kataki, nikiwa nimejiandaa kumwambia. Alinipikia chai. Alinionyesha nguo nyeusi, zimekunjwa sandukuni na karafuu ili wadudu wasizile. Alisema mzee mpaka mwisho alikuwa akiuliza, alikosea wapi. Alifikiri labda angepuliza kidogo, hata mara moja, kwa usalama. Niliinua kikombe, nikakirudisha. Tukazungumza bei ya unga na miguu yetu, nikaaga nikaondoka bila kusema. Nilimwonea Lwamba hasira kwa kunyamaza, na mimi nikafanya vile vile kwa kikombe cha chai.

Ndiyo sababu ninaandika, si kwa ajili ya kuwafundisha kazi. Kazi yenyewe imekufa na mashine zake. Wajukuu wa Papa Kitenge wanajua kusoma, na mmoja wao atamsomea bibi yake. Mama, mechi ile sijui ilikuwa nini, na sasa sitajua. Lakini mzee hakukosea popote. Kapiteni alimuaga, naye akamwitikia.